Enameli, Akriliki au Mafuta: Muda wa Kukauka Ndio Unaoamua

Anayeanza uchoraji huuliza bei kwanza. Kopo la enameli linauzwaje, tyubu ya akriliki inauzwaje, na ile rangi ya mafuta ya wasanii inapatikana wapi mjini. Ni maswali halali, lakini yanampeleka mtu dukani kabla hajajua anataka kuishi maisha gani. Mimi nadhani swali la kwanza ni jingine: rangi hii inakauka kwa muda gani? Humo ndimo yanamotoka mengine yote: utakaa na nani ukifanya kazi, utajifunza kwa nani, utachora mara ngapi picha ileile, na mawazo yako yatakuja kabla ya kushika brashi au baada.

Tuelewane majina. Enameli ni ile rangi ya makopo yenye kung'aa, inayopakwa mageti na milango, ambayo maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huiita rangi ya mafuta. Akriliki ni rangi ya wasanii inayochanganywa na maji. Nikisema mafuta humu, nina maana ya rangi ya tyubu iliyosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, si ile ya geti.

Enameli: rangi ya kukaa wengi

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Alitumia kilichokuwepo: vipande vya hadibodi vya mraba, vingi vya kama sentimita 60 kila upande, na enameli ya aina ile iliyopakwa baiskeli. Alimweka mnyama mmoja katikati, nyuma yake rangi tupu au mimea michache, basi. Kazi ziliuzwa kwenye duka la Morogoro Stores, Oysterbay, walikopita wageni waliofanya kazi mjini. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Maisha yake ya uchoraji hayakufika hata miaka mitano.

Miaka hiyo michache ilitosha kwa sababu hakuwa akichora peke yake. Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Matambwe, Ajaba Abdallah na Omari Amonde, wengi wao ndugu na jamaa, walikuwa wameshaonyeshwa kazi. Nao wakawaleta ndugu zao. Mwaka 1990 ulisajiliwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, na ukifika Oysterbay leo utawakuta bado wamekaa kwenye mabenchi, fremu zimeegemezwa ukutani, makopo yamepangwa chini.

Sasa angalia kazi inavyokwenda. Kitambaa cha pamba kinavutwa kwenye fremu ya mbao. Usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, unapakwa kwanza, rangi mbili au tatu zikiyeyushwa zikiwa bado mbichi ili zipishane taratibu, njano ikiingia kwenye nyekundu kama jua linalozama. Halafu unasubiri. Enameli huchukua saa kadhaa hadi siku nzima kukauka kiasi cha kupokea tabaka jingine, na ukiharakisha, rangi ya juu inakokota ya chini. Unachora umbo, unajaza mwili wa twiga, unasubiri tena. Mwisho ndiyo madoa, manyoya, mistari ya macho.

Mtu mwenye picha moja atakaa akitazama rangi ikikauka. Kwa hiyo hakuna anayefanya picha moja. Unapaka usuli wa picha sita, unazianika, na wakati hizo zinakauka unamalizia madoa ya chui wa jana. Ukishakuwa na picha sita, kijana wa kupaka usuli ana kazi, na mwenye mkono mzuri wa macho na makucha anabaki na macho na makucha. Ndivyo karakana inavyozaliwa. Watu husema mtindo wa Tingatinga ni wa kijumuiya kwa sababu ya undugu, au kwa sababu ya enzi za Ujamaa. Undugu upo, sikatai. Lakini kopo la enameli lina mchango wake mkubwa kuliko linavyopewa.

Tabia nyingine ya rangi hii ni kwamba hujisawazisha yenyewe. Alama za brashi hupotea, uso unabaki laini na wenye kung'aa. Maana yake ni kwamba huwezi kujificha nyuma ya brashi. Mstari uliotetemeka unaonekana umetetemeka mpaka mlangoni. Wanaoidharau enameli kwamba ni rangi ya watalii wajaribu kuvuta mstari mmoja mrefu wa shingo ya korongo kwa enameli iliyochanganywa vizuri na tapentaini, bila kuinua brashi. Kwa kufundisha mkono, sijui rangi inayoizidi.

George Lilanga alilijua hilo. Alizaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934, akachonga vinyago kabla ya kuchora, na huko Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, akajikuta kati ya watu wa batiki, wa kuchapa picha kwa sahani za chuma na wa uchongaji. Mashetani aliokuwa akiwatoa kwenye mti aliwahamishia kwenye rangi: masikio makubwa, matumbo mbele, vidole vichache, wanacheka, wanabishana, wanabebana. Enameli ilimfaa kwa kuwa mchongaji anawaza kwa umbo lenye ukingo, na rangi hii hupenda ukingo. Kama unatoka kwenye uchongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, au kwenye uandishi wa mabango na magari, tayari unaijua nusu ya kazi.

Akriliki: rangi ya aliyejifungia chumbani

Akriliki za maji ziliingia mikononi mwa wasanii miaka ya 1950, kwa hiyo bado ni changa. Hukauka kwa dakika, na Dar es Salaam mwezi wa Februari, kwa dakika chache kweli. Ukikosea jicho, unalifunika na kuchora jingine kabla chai haijapoa. Kwa hiyo huhitaji picha sita wala kijana wa usuli. Unahitaji meza, maji, na mlango wa kufunga.

Hapo ndipo uzuri na hatari yake vinapokaa pamoja. Uzuri ni kwamba wazo linaweza kubadilika ukiwa kazini: asubuhi ulikuwa unachora daladala, jioni unachora mwanamke aliyekosa siti. Hatari ni kwamba hakuna anayekuona. Mchoraji wa enameli ana watu kumi pembeni wa kumwambia mguu wa pundamilia haukai hivyo. Wewe una video za intaneti, na video haioni picha yako.

Dawa yake ni kutafuta watu kwa makusudi. Nafasi Art Space, Mikocheni, ipo tangu 2008, na wasanii wana studio zinazotazamana. Nairobi, Kuona Trust ilianza 1995 kwenye eneo la Makumbusho ya Taifa, na GoDown ikafuata 2003. Vituo vya namna hii havifundishi mtindo mmoja. Unapita kwa jirani kuazima brashi, unakuta anabandika magazeti, unarudi ukiwa na wazo ambalo si lake wala si lako la asubuhi. Pia akriliki inashika kama gundi, jambo ambalo wengi hawalitumii ipasavyo: kipande cha kanga, mchanga, tiketi ya basi, vyote vinaweza kulala ndani ya rangi na vikabaki humo. Enameli haikupi hilo bila ugomvi.

Kuhusu ubora niseme wazi: akriliki za bei ya chini zinazouzwa kwa ajili ya wanafunzi zina rangi kidogo na maji mengi. Unapaka nyekundu mara nne na kanvasi bado inaonekana. Nunua tyubu tano nzuri (nyeupe, nyekundu, njano, buluu, kahawia) kuliko boksi la rangi 24 zilizochujuka. Nyeupe inunue kubwa, ndiyo inayokwisha kwanza.

Mafuta: rangi ya kubadili mawazo

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Mafuta ya kitani hushika hewa na kuganda polepole, siku kwa siku, na tabaka nene linaweza kudai wiki. Leo unapaka, kesho unakwangua, keshokutwa unarudi juu yake. Picha inakuwa mazungumzo yako na wewe mwenyewe kwa miezi, na inahitaji chumba ambacho hakuna mtoto atakayegusa.

Hapa Afrika Mashariki rangi hii ilikuja na shule. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, na njia yake ilikuwa kusimulia kisa kisha mwanafunzi achore alichokiona kichwani. Mmoja wa waliopita hapo ni Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, aliyekwenda kusoma pia shule ya sanaa ya Slade, London, na baadaye akaiwakilisha Tanganyika Uingereza kama balozi. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika makumbusho ya MoMA, New York. Ntiro alichora migomba, mavuno na kazi za pamoja za kijijini mwaka baada ya mwaka, kwa umbo bapa na rangi nzito. Ukiitazama kazi yake haraka utasema anarudia. Ukikaa nayo utaona migomba inavyosogea.

Mwingine wa kutazama kabla hujaamua kuhusu mafuta ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Alikwenda Slade, kama Ntiro. Tofauti ni kwamba hapaki kwenye kanvasi. Anatumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Uganda kwa kupondwa kwa nyundo za mbao mpaka kitandae, kazi ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Lubugo aliikuta kwenye soko la watalii Nairobi, imekatwakatwa kuwa vitu vya kutandika mezani. Ina matundu, ina mishono, haikai sawa kama kanvasi, na matundu hayo huyaacha yaonekane hata yakiwa katikati ya uso wa mtu. Mafuta yanamruhusu kupaka, kukwangua na kupaka tena mpaka gome na rangi vikubaliane. Kwa akriliki angekuwa amechelewa kila mara.

Lililonivutia zaidi ni kwamba alipopata maonyesho makubwa Munich na London, mwaka 2020 na 2021, aliweka pembeni ya kazi zake sehemu iliyoitwa Mwili, Akili na Roho, yenye wachoraji wa kwetu waliomtangulia, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na Elimo Njau. Wachache hufanya hivyo wakiwa hai.

Kunakili: hapa ndipo wanapogombana

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi mwingine wa Makerere, ndiye aliyechora kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a maisha ya Yesu yakipita katika mashamba na mabonde ya Wagikuyu. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, na msimamo uliomfanya ajulikane ni kwamba usinakili, kwani kunakili humlaza Mungu usingizi.

Peleka maneno hayo Oysterbay uone watakavyokutazama. Kule mwanafunzi huanza kwa kunakili. Anapewa chui wa mwalimu, anamrudia mpaka chui atoke bila kutazama. Mteja akipenda picha iliyouzwa jana, anachorewa nyingine. Haionwi kuwa wizi, ni namna ya kupokea kazi mkononi mwa aliyekutangulia, kama ilivyo kwa seremala na mshonaji.

Nani yuko sahihi? Nimeshasema karakana inatokana na muda wa kukauka, na kunakili kunatokana na karakana. Picha ikipita mikono mitatu, lazima wote watatu wajue itaishia wapi. Hakuna nafasi ya kubadili mawazo katikati. Mchoraji wa mafuta ana miezi ya kubadili mawazo, kwa hiyo kwake kunakili ni kuitupa zawadi aliyopewa na rangi. Njau alikuwa anasema kweli, ila kweli ya chumba chake.

Hata hivyo siwezi kuwaachia wote wawili sare. Tatizo la kunakili si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni mtu wa mwaka wa kumi na tano ambaye bado anachora mlima Kilimanjaro na tembo watatu kwa sababu ndio wanaotoka. Soko limemlaza yeye, sijui kuhusu Mungu. Lakini enameli haikumlazimisha. Mohamed Charinda alikaa ndani ya mtindo huohuo wa Tingatinga, rangi zilezile, na akachora visa vya kijijini, waganga, na historia ya biashara ya watumwa, picha ambazo ukiziona unajua ni zake. David Mzuguno alijaza misitu na ndege mpaka usuli ukakosa pa kupumulia. Mkono waliupokea, macho wakabaki nayo wenyewe.

Na tusidanganyane kuhusu upande wa pili. Kwenye picha za Armitage kuna mikao ya watu inayotoka kwa Goya na Titian, wachoraji wa kale wa Ulaya, na hakuna anayemwita mnakili. Ukinakili aliyekufa miaka 200 iliyopita na ukakiri, unaitwa msomi. Ukinakili mjomba wako aliyeko benchi la pili, unaitwa wa watalii.

Mambo ya kila siku ambayo duka halikuambii

Joto na unyevu. Ukiwa Tanga, Mombasa au Zanzibar, akriliki itakukaukia kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, kabla hujamaliza anga. Weka chupa ya kupulizia maji karibu, na chini ya rangi tandika kitambaa kilicholowa kilichofunikwa kwa karatasi. Mafuta hayajali joto, ila kanvasi ya pamba iliyopakwa mafuta moja kwa moja huoza. Lazima ipate kwanza tabaka la geso, rangi nyeupe ya kutangulizia. Lubugo nayo ina mahitaji yake, usiijaribu kabla hujaharibu kanvasi kadhaa.

Kusafirisha. Wachoraji wa Tingatinga walihamia kitambaa kutoka hadibodi kwa sababu mgeni anataka picha ya kukunja na kuweka kwenye begi. Enameli hukubali kuviringishwa ikiwa bado mpya, lakini kadiri miaka inavyopita inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo mwambie mteja aivute kwenye fremu mara afikapo. Akriliki inapinda vizuri, ila kwenye joto hulainika na kushikana: usiviringishe uso kwa uso wala na nailoni, weka karatasi ya kuokea katikati. Mafuta mabichi usiyasafirishe.

Afya. Hili nitalikazia. Enameli na tapentaini vina mvuke, na chumba cha kulala si mahali pake. Wachoraji wa Oysterbay kukaa barazani si kwa ajili ya wateja tu. Vipimo vimewahi kukuta madini ya risasi kwa wingi katika baadhi ya enameli zinazouzwa Afrika Mashariki, hasa njano na nyekundu, kwa hiyo tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, usipige msasa rangi ya zamani ndani ya nyumba, na usile ukiwa na rangi mikononi. Kwa mafuta, hatari iko kwenye vitambaa vya kufutia: vikilowa mafuta ya kitani na kurundikwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe. Vianike vimetandazwa, au vitie kwenye ndoo ya maji. Akriliki ndiyo salama kuliko zote, ingawa brashi ikikauka nayo imekufa.

Simu na tableti sijazilinganisha hapa kwa sababu hazikauki. Ni njia nzuri ya kupanga picha kabla ya kupaka, na programu za bure kama Krita na ibisPaint zinatosha.

Basi nani achukue ipi?

Kama uko karibu na karakana inayokubali wanafunzi na unahitaji kuanza kupata chochote mapema, chukua enameli, na ukubali kunakili kwa muda bila kuona haya. Jiwekee tu kipande kimoja cha hadibodi pembeni ambacho hakuna mteja atakayekiona, ukichore unachotaka usuli wa wengine ukikauka.

Kama uko peke yako, una chumba kidogo, una kazi nyingine mchana na unapaka usiku, akriliki. Fedha utakayookoa kwa kutonunua boksi la rangi 24 itumie kwa nauli ya kwenda kwenye studio za wenzako.

Mafuta usianze nayo. Nasema hivyo nikijua wapo walioanza nayo wakafika mbali. Lakini inadai muda, nafasi, na mtu wa kukueleza kwa nini tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ambalo ukilikosea picha inapasuka baada ya miaka, ukiwa umeshaiuza. Ifikie ukiwa na wazo linalokataa kumalizika kwa siku moja.

Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, au ukitaka kuzichanganya kwenye picha moja, mpangilio ni mmoja: akriliki iwe chini, mafuta au enameli iwe juu. Usuli wa akriliki unakauka kabla ya chakula cha mchana, na jioni unaweza kuanza madoa ya chui kwa enameli. Ukigeuza, akriliki haitashika juu ya mafuta, itabanduka kama ngozi baada ya jua kali.